Bibi Mtunzi na Waraka wa Karanga

Katika picha zote alizochora Bibi Mtunzi hakuna binadamu mwenye mikono. Mama ameifunika chini ya kanga, baba ameitia mfukoni, mwalimu ameificha nyuma kama mtu aliyeiba. Masikio ya sungura aliyaweza. Mkia wa kenge aliuweza mpaka ukahisi unakukwaruza. Lakini vidole vya mtu vilimshinda maisha yake yote, na ukimuuliza alijibu, "Mikono ya watu ina mambo mengi. Waache waifiche."

Tulikuwa majirani zake Newala, nyumba yetu na yake zikitenganishwa na shimo moja la kukingia maji ya mvua, ambalo tulilitumia pamoja na kugombania pamoja. Watu wazima walimwita kwa jina la binti yake, kama ilivyo desturi. Sisi watoto tulimwita Bibi Mtunzi, na hilo ndilo nitakalolitumia. Alikuwa Mmakua wa upande wa Masasi, Mkristo, mwalimu mstaafu, na alikuwa ameandika vitabu vitatu vya watoto. Vilichapishwa na shirika moja la Dar es Salaam siku zile serikali ilipokuwa ikinunua vitabu na kuvigawa mashuleni. Vilifika mpaka Kigoma. Nilipoambiwa hivyo nilijihisi nimeongezeka urefu, kana kwamba na mimi nimefika Kigoma. Mpaka leo mtu akisema huku kusini hakuna kitu, mimi hunyamaza, maana kusema kwangu ni kazi, lakini moyoni namhesabia: kimoja, viwili, vitatu.

Asiyemjua angedhani mwandishi wa watoto hupenda watoto wamzunguke. Bibi Mtunzi alitufukuza kwa ufagio. Tukienda barazani kwake jioni kumwomba hadithi alisema, "Mimi si redio. Kasomeni." Hakuwahi kutusimulia hata moja kwa mdomo. Alisema hadithi ya mdomo ilikuwa kazi ya mama yake, naye hawezi kushindana na marehemu.

Ila shikamoo yako aliipokea kwa namna yake. Ulipomwamkia alijibu, "Marahaba. Leo umeona nini?" Ilibidi useme kitu. Ukisema hujaona kitu, alikurudisha: "Basi nenda ukaone, halafu uje uniamkie upya." Wenzangu walipenda. Mimi nilikuwa napita nyuma, kwenye mihogo, nisikutane naye. Siku moja alinivizia huko huko.

"Somoe, umeona nini?"

"Kuku," nikasema. Hata mimi mwenyewe sikuisikia sauti yangu.

"Kuku gani?"

"Mweupe."

"Anafanya nini?"

"Anatembea."

Alinitazama juu ya miwani yake, iliyofungwa kwa uzi mweusi sikio la kushoto. "Haya, pita. Kesho niletee anayefanya kitu."

Usiku ule sikulala kwa kutafuta kuku anayefanya kitu. Nilikuwa na miaka kumi.

Alikuwa na misemo aliyoitunga mwenyewe na kuitumia kama vyombo vya jikoni, kila siku. "Mtoto hadanganywi mara mbili kwa njia moja." "Mnyama akisema, aseme la mnyama. Ya wanasiasa tuwaachie wanasiasa." Na ule niliousikia zaidi: "Sentensi ikikushinda kupanda nayo kilima, ipunguze." Huu hakuusema kwa mapambo. Mabomba ya Newala yalikuwa yanatoa maji yakitaka, na yasipotaka wanawake huteremka bondeni na ndoo alfajiri na kupanda nayo kichwani mlima ule mrefu. Bibi Mtunzi alipanda huku akizisema sentensi zake kwa sauti. Ile iliyomkatia pumzi, alifika nyumbani akaikata. Wanawake wageni walidhani ana wazimu. Wenyeji waliwaambia, "Huyo anaandika."

Hakuwa malaika, na sitaki nimfanye malaika sasa. Alikuwa na majivuno. Alijua kwamba yeye ni mtu wa vitabu na alihakikisha unajua. Aliponda nguo za mitumba zilizokuwa zimeanza kujaa sokoni, akasema tunavaa jasho la watu tusiowajua, na maneno hayo aliyasema akiwa amevaa koti la mvua la mitumba, la kiume, lenye mfuko mmoja. Aliandika kwamba uwongo ni sumu, lakini ukimkaribisha chakula alisema "nimeshakula" huku tumbo lake likisema vingine. Mwezi wa Ramadhani hakuwasha jiko mchana, ili harufu isije kwetu tuliofunga. Lakini mwezi huo huo alisimama na mama yangu kando ya shimo la maji, wakapigiana kelele juu ya nani kachota ndoo ya ziada, hadi watu wakatoka kutazama. Mama yangu ni Mmakonde, na Mmakonde na Mmakua kwetu ni watani, kwa hiyo hakuna aliyejua lini wanagombana na lini wanacheza. Nadhani hata wao hawakujua.

Sasa niseme jambo lililonifanya nimwandike.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, na sukari, na betri. Korosho zilikuwa zinanunuliwa na watu binafsi waliokuja na mizani zao, na chama chetu cha ushirika kilikuwa kimebaki jengo na mlinzi. Kila mtu alikuwa anauza kitu. Mama yangu aliuza karanga za kukaanga stendi ya Newala, akizifunga kwenye karatasi iliyosokotwa mfano wa pembe. Siku moja Bibi Mtunzi alikuja pale na bahasha kubwa ya kaki aliyoichukua posta. Ndani yake mlikuwa na mswada wa kitabu chake cha nne. Shirika lilikuwa limekaa nao miaka, na sasa limeurudisha na barua fupi: karatasi hakuna, serikali hainunui tena, mwandishi anashauriwa kutafuta njia nyingine.

"Wamesemaje, mtani?" mama akamuuliza.

"Wamenirudishia mtoto wangu," akasema Bibi Mtunzi, "bila hata kumwogesha."

Hakulia. Alinunua karanga, akazila zote akiwa amesimama, akaondoka.

Baada ya wiki mbili tulisikia mkokoteni unalia mlangoni kwake. Alikuwa amekwenda kwenye ghala la ushirika, ambako mlinzi alikuwa akiwashia moto fomu za zamani za kupokelea korosho, maelfu ya fomu, upande mmoja zimechapwa mistari na upande wa pili nyeupe kabisa. Alimnyang'anya. Fomu zilipangwa nyuma ya mlango wake zikafika kifuani kwangu. Kisha akaleta mashine kuukuu ya kudurufu aliyopewa na padri mmoja, ya kuzungusha kwa mkono, yenye roli lililochunika. Aliandika na kuchora kwenye stensili kwa kalamu ya chuma, akapaka wino, akazungusha. Nyumba nzima ikanuka wino, na shimo letu la maji likanuka wino.

Hivyo ndivyo ulivyoanza waraka wake. Ulikuwa ukurasa mmoja: salamu za mtunzi kwa wasomaji wake, hadithi fupi, picha isiyo na mikono, na swali moja mwishoni. Aliuita *Hodi*.

Mama alimuuliza kwa nini asiuze.

"Nani anunue? Sitaki pesa yao, nataka jibu," alisema. "Zamani shirika lilinijibu kwa niaba ya watoto. Liliniandikia, mama, vitabu vyako vimekwenda. Sasa sijui. Labda hakuna anayesoma. Labda niliandika miaka yote hiyo nikisikilizwa na makabati." Akapiga rundo lile kwa kiganja. "Unajua desturi, Mama Somoe. Mtu hupiga hodi tatu. Asipojibiwa, huondoka. Na mimi nitapiga tatu. Rundo hili likiisha bila mtoto mmoja nisiyemjua kunijibu, narudisha mashine kwa padri na kalamu naitupa shimoni."

"Usitupe kwenye maji yetu," mama akasema.

Walicheka. Lakini mimi, niliyekuwa mlangoni, nililipima lile rundo kwa macho, maana nilijua yule mwanamke hana desturi ya kusema asilolitenda.

Hodi ya kwanza aliipeleka mashuleni. Alitembea, akapanda magari, akafika Mkunya, akafika Lulindi alikokuwa na ndugu zake, kila shule akaacha bunda. Walimu walimpokea kwa heshima. Akangoja mwezi, miwili. Hakuna barua. Alipokwenda kuulizia katika shule moja, mwalimu mkuu alimfungulia kabati kwa fahari kubwa. Nakala zote zilikuwa mle, zimenyooka, zimepigwa muhuri "Mali ya Shule".

"Tumezihifadhi, mama. Hakuna hata moja iliyochanika."

"Naona," akasema Bibi Mtunzi. "Hata mimi mtanihifadhi hivi hivi."

Rundo likafika kiunoni kwangu.

Hodi ya pili ndiyo iliyotufanya Newala nzima tumjue. Aliamua asipitie kwa walimu. Aliomba majina ya watoto kwa watu wa vijijini, akaukunja kila waraka kama barua, akaandika juu yake jina la mtoto, akawapa makondakta wa magari wafikishe. Yeye mtu wa vitabu alisahau jambo ambalo sisi wengine hatusahau. Kijijini kwetu barua iletwayo na gari, yenye jina, bila kutarajiwa, haina habari mbili. Ni msiba.

Mkunya waraka ulimfikia binti wa miaka tisa. Mama yake alipoona barua imekuja kwa jina la mtoto, akajua moja kwa moja kwamba kaka yake aliyeko Tanga amekufa, na walioandika wameogopa kumwambia mtu mzima. Alikaa chini akapiga yowe. Majirani wakaja. Wanawake wakajifunga kanga viunoni, mikeka ikatandikwa, mtu akatumwa kutafuta unga. Barua yenyewe ilikuwa bado imekunjwa, imewekwa juu ya kinu, kila mtu akiiogopa. Alipokuja mzee wa msikitini, ndiye aliyeifungua mbele ya watu wote waliolia. Akaisoma kwa sauti nzito ya mambo hayo:

"Hodi. Mimi ni Bibi yako Mtunzi. Leo nakuletea habari ya Sungura. Sungura alinunua suruali ya mitumba. Suruali ikawa na tundu la mkia mahali pasipo na mkia."

Wanasema alisoma mpaka nusu ndipo akaacha.

Habari zilimfikia Bibi Mtunzi siku ya pili, na siku ya tatu alikwenda mwenyewe Mkunya. Mama alimsindikiza, akanichukua na mimi. Watu walikuwa wamemngoja. Wangemkasirikia kweli, lakini mzee wa nyumba, Mmakonde kama mama yangu, alipouliza kabila lake na kusikia ni Mmakua, uso wake ukabadilika kama mtu aliyeokota kitu cha thamani.

"Ahaa! Mtani! Kumbe ni Mmakua aliyeniletea msiba nyumbani bila maiti! Sasa leo utatuambia nani kafa."

Wakamkamata mikono, wakampaka majivu usoni, wakamkalisha kwenye mkeka wa matanga uliokuwa bado haujakunjwa. Vijana wakapiga makofi. Mama yangu, mnafiki, alikuwa upande wao.

"Sema! Nani kafa?"

Bibi Mtunzi, na miwani yake ya uzi, na majivu mpaka kwenye nywele, alijilaza chali kwenye mkeka. "Ni mimi niliyekufa," akasema. "Nizikeni. Lakini nipeni chai kwanza, maana nimetembea."

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Yule mama aliyelia alicheka hadi akalia tena. Walimtoza jogoo mmoja, wakamlazimisha kutwanga muhogo uliokuwa umeandaliwa kwa msiba, akatwanga. Tulikula wote. Wakati wa kuondoka alimwita yule binti aliyeandikiwa barua, akamuuliza kama amependa hadithi. Binti alisema hajui, kwa sababu watu walikuwa wanalia.

Tulipokaribia nyumbani Bibi Mtunzi alimwambia mama, "Hodi mbili hizo."

Rundo lilikuwa limefika magotini.

Hodi ya tatu hakuipiga yeye. Aliipiga mama yangu, bila kujua, na kwa kosa. Mashine ilikuwa inaharibu nakala nyingi, wino ukizidi upande mmoja, na nakala hizo mbovu Bibi Mtunzi alizitupa nyuma ya nyumba. Mama aliona karatasi nzuri inaoza. Akaziokota, akazikata katikati, akafungia karanga. Mimi nilikaa nyuma ya jiko nikizisokota, na kila moja niliisoma kwanza. Zilikuwa nusu nusu, nyingine mwanzo, nyingine mwisho.

Wiki haijaisha, Bibi Mtunzi alitokea stendi akitafuta gari la Masasi. Akaona sungura wake ananing'inia mkononi mwa abiria, amejaa karanga. Alikuja kwa mama kama moto.

"Mama Somoe! Unafungia karanga kichwa changu?"

"Mtani, ulizitupa."

"Nilitupa! Kutupa ni kutupa, siyo kuuza njugu! Mimi ni mwandishi, siyo—"

Pale pale akaja mtoto mmoja wa kiume amebana sarafu. Mama, akitaka kuokoka, akamhudumia haraka. Mtoto akaigeuza ile pembe ya karatasi, akaitazama, akairudisha.

"Hii nimeshasoma," akasema. "Nipe ile ya mwisho wake."

Mama akamtazama Bibi Mtunzi. Bibi Mtunzi akamtazama mtoto. Mimi nikapeleka mkono kwenye lundo langu, nikaitafuta ile nusu ya mwisho, nikaisokota, nikampa mama. Mtoto akaondoka akisoma, karanga zikimdondoka kwa nyuma moja moja.

"Wewe, unaitwa nani?" Bibi Mtunzi akamwita. Lakini alikuwa ameshapanda gari.

Hakwenda Masasi siku ile. Alirudi nyumbani akaandika upya hadithi zake zote, fupi mno, mbili kwa ukurasa, ili mama akikata karatasi katikati asikate hadithi. Na asubuhi alimletea mama bunda la nakala safi, bila wino kuzidi. "Funga," alisema. "Ila usiweke chumvi nyingi, inakula maneno."

Karanga za mama ziliuzika kuliko za wenzake wote pale stendi. Watoto waliotoka Mnyambe na wazazi wao kuja sokoni walilia mpaka wanunuliwe. Lakini kununua si kujibu. Rundo lilishuka. Bibi Mtunzi hakulizungumzia, ila kila jioni alipofunga mlango nilimwona analitazama. Mama naye alianza kuogopa, maana alimpenda mtani wake na alizipenda karatasi zake. Ndipo akatangaza: mtoto atakayerudisha karatasi yake, isiyo na mafuta mengi, ataongezewa karanga konzi moja. Alitaka kuzitumia mara mbili ili rundo lidumu. Hakuna zaidi.

Karatasi zikaanza kurudi. Kazi yangu ilikuwa kuzinyoosha. Na siku ya nne au ya tano nilinyoosha moja nikaona imeandikwa kwa penseli, si upande wa hadithi, bali ule wa pili, upande wa fomu ya ushirika. Fomu zile zilikuwa na nafasi za kujaza, na nafasi hazikuwa tupu tena.

Jina la mkulima: *Sungura.*
Kijiji: *Mnyambe.*
Uzito: *Mwepesi.*
Daraja: *La pili.*
Sababu ya kushushwa daraja: *Amemdanganya Tembo na hakuna aliyemwadhibu.*
Sahihi: *Bakari, darasa la nne.*

Nilimpa mama. Mama hakujua kusoma vizuri, akanirudishia, nikamsomea kwa sauti yangu ndogo ile ile. Akaacha karanga ziungue. Akafunika jiko, akanishika mkono, tukaenda.

Bibi Mtunzi aliisoma amesimama, kisha akakaa, kisha akaisoma tena. Rundo nyuma ya mlango lilikuwa limefika kifundo cha mguu.

"Daraja la pili?" akasema.

"Mtani, umejibiwa."

"Daraja la pili! Mimi niliyefika Kigoma!"

"Umejibiwa, mtani. Humjui mtoto huyu. Mimi simjui. Umejibiwa."

"Nimetukanwa!" akasema, akatugeuzia mgongo akajifanya anatafuta kitu kwenye mashine.

Siku mbili hakutoka. Siku ya tatu tukasikia harufu ya wino. *Hodi* mpya ilianza hivi: "Bakari wa Mnyambe, umesema kweli, na mimi nilikuwa nimelala." Na Sungura akaadhibiwa: alimchotea Tembo maji kutoka bondeni, na sisi sote tunajua Tembo anakunywa kiasi gani.

Baada ya hapo fomu zilikuja mpaka zikamchosha. Watoto walikuwa wamekua wakiwaona baba zao wakipimiwa korosho na kuambiwa daraja la kwanza au la pili, na baba haruhusiwi kubisha. Sasa wao ndio waliokuwa wanapima. Hawakumwonea huruma. Mmoja wa Lulindi alimpa daraja la kwanza lakini akaandika kwamba mama wa kwenye picha apewe mikono, watoto wake watakula nini. Mwingine aliandika uzito "gunia zima". Wale wa shule ile yenye kabati walimuuliza mwalimu mkuu kwa nini wanunue karanga ili wasome kitu kilichomo kabatini, na kabati likafunguliwa. Karatasi nazo hazikukosekana. Huko Masasi kulikuwa na ghala jingine, na Bibi Mtunzi alisema ushirika ulipokufa uliacha fomu nyingi kuliko korosho ulizowahi kununua.

Kutoka hapo *Hodi* ilitoka miaka saba. Vitabu vyake vitatu vilifika Kigoma, lakini waraka ule haukufika mbali, ulizunguka kwetu tu, Newala, Masasi na vijiji vya kati, kwenye mifuko ya kaptula na pindo za kanga. Ukiniuliza kipi kilikuwa kikubwa zaidi, nitakuambia.

Macho yalimwacha polepole. Binti yake, aliyekuwa mwalimu Lulindi, akaja kumchukua. Mimi nilimaliza darasa la saba, jina langu halikutoka kwenda sekondari, nikakaa stendi badala ya mama ambaye miguu ilikuwa inamuuma. Mwaka jana, baada ya msimu wa korosho, mama alinituma Lulindi nimpelekee mtani wake karanga.

Nilimkuta barazani, amekaa kwenye mkeka, mwembamba, miwani haipo. Nilimwamkia. "Marahaba," akasema, akanyanyua uso upande wa sauti. "Hiyo ni sauti ndogo. Hiyo ni Somoe."

Nikakaa. Alipokea karanga, akazinusa. Akaniambia anataka kuianza *Hodi* upya, ila binti yake anarudi kutoka shuleni amechoka, na akiandika anaandika mbio na kumeza maneno. Kisha akaniuliza, "Wewe ulizisoma zote?"

"Zote, Bibi."

"Kila moja?"

"Nilikuwa nazisokota mimi."

"Na hukunijibu hata moja." Hakusema kwa hasira. "Watoto wa Mnyambe, wa Mkunya, wote wamenijibu. Wewe wa ukuta kwa ukuta, kimya. Mpaka leo najiuliza Somoe alinipa nini."

Nilitazama chini. Nilikuwa na neno miaka mingi, na sikuwahi kulitoa.

"Kuna ile ya msichana aliyekwenda bondeni," nikasema. "Akamwaga nusu ndoo kwa kumnywesha kobe. Akarudi, mama yake akamsifu kwa moyo wake mzuri."

"Naikumbuka."

"Mama hasifu, Bibi. Mimi nilimwaga. Nilirudi na nusu. Mama hakunisifu na hakunipiga. Alichukua ndoo akateremka mwenyewe. Alikuwa mjamzito. Nilikaa mlangoni nikimngoja mpaka jua likazama."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumwambia. Aliziweka karanga kando ya mkeka.

"Kwa nini hukuniambia wakati ule?"

"Niliogopa ungeacha kuandika."

Alifungua mdomo, na nikajua anataka kusema lile la Kigoma. Hakulisema. Alipapasa kando ya mkeka mpaka akalipata daftari, akanisukumia, na kalamu juu yake.

"Andika," akasema. "Kama ulivyosema. Usiongeze sifa."

"Mimi naandika polepole, Bibi."

"Na mimi siku hizi naona polepole. Tutalingana."

Nikaanza. Kila sentensi nilimsomea, naye aliirudia chini chini, akinyanyua mabega kidogo kama mtu mwenye mzigo kichwani. Moja aliikata. Nyingine aliniambia niiache kama ilivyo. Jua lilihama kutoka kwenye mkeka likaenda ukutani. Binti yake alirudi, akapika, akaja mlangoni na kutuambia ugali unapoa.

"Uache upoe," akasema Bibi Mtunzi. "Somoe yuko bondeni bado. Hajapanda."